Bima ya mjumbe wa bodi ya shule: hela ya nani, na kadi gani?

Kuna hoja inazunguka vijiweni huku Moshi, na ukienda Arusha nako unaikuta, kwamba halmashauri au hata shule zenyewe zitenge hela kwenye mapato ya ndani wawakatie bima ya afya wajumbe wa bodi na kamati za shule, kwa sababu wanapiga kazi kubwa na hawalipwi. Ukiitaja tu watu wanagawanyika palepale. Hawa wanasema jamani mtu anajitolea mwaka mzima, kadi ya bima ni kitu gani bana. Wale wanasema aah, tulianza na posho ya kikao, ikaja nauli, sasa bima, kesho watataka na pikipiki. Mi naona wote wanabishania kustahili, na hilo la kustahili mtu yeyote anayejua kazi za kamati ya shule hawezi kulibishia, wanastahili, tumalize. Kinachokwepwa ni hela inatoka mfuko upi, nani anaipitisha, na kadi yenyewe ni ipi. Hapo ndo pana moto.

Tuelewane kwanza tunaongelea akina nani. Shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule, sekondari ina bodi, zote zimo kwenye Sheria ya Elimu ya 1978. Kamati sehemu kubwa ni wazazi wenyewe wanaochaguana kwenye mkutano, wanaongezewa walimu na mtu wa serikali ya kijiji au mtaa, afu mwalimu mkuu ndo katibu. Bodi wanateuliwa, na huko utakuta mstaafu wa benki, mchungaji, mama aliyekuwa muuguzi, na mfanyabiashara mmoja ambaye kila mtu anajua amewekwa pale ili bati zikipungua apigiwe simu. Mtaani tunaziita zote "bodi" na mi nitafanya hivyohivyo, ila pale tofauti inapokuwa na maana nitaitaja, na maana ipo, kwa sababu wa sekondari wengi tayari wana bima kutokana na ajira zao au za wenza wao, na wa msingi wengi ni wakulima, mama wa genge, fundi, bodaboda, hawana kitu.

Sasa kazi. Kuna watu bado wana picha ya mjumbe wa zamani, yule wa kuja kikao, kusikiliza taarifa ya mwalimu mkuu, kunywa soda na kuondoka. Hiyo ilibadilika tangu MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwaka 2002, hela zilipoanza kwenda shuleni kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka ikabidi kuwe na watu wa kuzisimamia huku chini. Afu ikaja fosi akaunti, yaani shule yenyewe inajenga bila mkandarasi mkubwa, inatafuta fundi wake na kununua vifaa vyake, na kwa sababu hiyo lazima kuwe na kamati ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, na waliojaa humo ni wazazi na wanakijiji walewale. Kumbukeni mwishoni mwa 2021, serikali ilipochukua ule mkopo wa IMF, shirika la fedha la kimataifa, wa trilioni 1.3 wa UVIKO, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa milioni 20 kila darasa, na muda ulikuwa unabana kwelikweli maana Januari watoto walitakiwa kuingia. Nani alikuwa anahesabu mifuko ya saruji ikishuka usiku? Nani aligombana na mwenye lori kwamba hizi kokoto hazijajaa? Mwalimu yupo darasani, mtendaji wa kijiji ana vikao vyake wilayani, mhandisi wa halmashauri ni mmoja na shule ni nyingi, kwahiyo anayebaki ni mama fulani mjumbe ambaye ameacha ng'ombe wake hajakatiwa majani.

Na huku kwetu milimani usisahau jiografia. Lori likishindwa kupanda kule juu Uru au Kibosho kwa sababu ya mvua, nondo zinashushwa barabarani afu zinapandishwa kwa mabega, na mjumbe wa mapokezi anazifuata huko huko na daftari lake. Akiteleza akavunjika mguu hiyo ni shida yake na familia yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumhusu maana yeye sio mwajiriwa wa mtu, na hata bima ya afya yenyewe ingemtibu mguu tu, siku alizokaa ndani bila kufanya kibarua hakuna anayezilipa. Hilo nalitaja kwa sababu wengi wanaotetea bima wanaipigia debe kama vile inafidia kila kitu, wakati inafidia kipande tu.

Halafu kuna Desemba. Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa Desemba ya Kilimanjaro, watoto wote waliotawanyika Dar na kwingineko wanapanda nyumbani, na wiki ileile ya Krismasi ndo wajumbe wanapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na kuitisha vikao nje ya kanisa kukusanya ahadi za choo cha shule, za uzio, za madawati. Kwenye vijiji vingi hela kubwa ya shule inayoitwa "ya ndani" ukiifuatilia imetoka kwenye grupu la watsapu la wana wa kijiji walioko mjini. Sijasema ni vibaya, ndo tulivyozoea, mkoa huu umejenga shule kwa michango na ushuru wa kahawa tangu enzi za wazee wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanza 1933. Lakini siku yule aliyetuma laki mbili kutoka Mbagala akisikia sehemu ya hela yake imekata bima ya mwenyekiti, hilo grupu litawaka moto na mwaka unaofuata hatatuma hata senti.

Ndo maana nasema swali la mfuko lina uzito. Watu wakisema "mapato ya ndani" wanachanganya mifuko miwili ambayo haifanani kabisa. Kuna mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa huduma ule unaokatwa kwenye mauzo ya makampuni, leseni, ushuru wa masoko na minada, ushuru wa mazao, vibali, maegesho. Na kuna kihela cha shule yenyewe, ruzuku ya serikali, michango, kodi ya fremu kama shule ina bahati ya kuwa barabarani, ndizi za shamba la shule.

Tuanze na wa shule maana ndo watu wanaukimbilia haraka, upo karibu. Katika ile 10,000 ya mtoto wa shule ya msingi, 6,000 ndo inakwenda shuleni, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Tuseme shule ina watoto 500, hiyo ni milioni 3 kwa mwaka mzima, kwa chaki, mitihani, ukarabati mdogo, michezo, uendeshaji. Milioni 3! Sasa chukua wajumbe sita wasio na bima. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, walipozindua vifurushi vya mtu binafsi Novemba 2019, Najali Afya kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 peke yake, bila mke bila mtoto, ilikuwa 192,000, na hiyo ndo ilikuwa ya chini kabisa. Mara sita unapata 1,152,000. Yaani zaidi ya theluthi ya ruzuku ya shule imekwenda kwa watu sita, na hao tumewahesabu kama vijana, wakati wajumbe wetu wengi wameshapita umri huo na bei yao inapanda. Ukienda na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, unapata 180,000 kwa wajumbe sita na familia zao. Asilimia 6 ya ruzuku. Ni ndogo, inavumilika, lakini hata hiyo mi nasema hapana, isitoke hapo, na sababu yangu haina uhusiano na udogo wa hela.

Sababu ni hii. Kamati ipo ili imwangalie mwalimu mkuu. Imuulize risiti, imuulize kwanini rangi imenunuliwa duka lile na kwa bei ile, imuulize mahindi ya uji yameishaje wiki mbili kabla. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, ndo anaandaa ajenda, ndo anashika mafaili, na kwa uhalisia ndo anajua akaunti ina nini. Mkikata bima ya mjumbe kwa hela ya shule, anayepeleka majina na kufuatilia malipo ni huyohuyo mwalimu mkuu. Sasa mwambie mama ambaye mtoto wake ana pumu na anategemea ile kadi kwamba asimame kwenye kikao aseme hii risiti siielewi. Hakuna atakayemtishia, wala haina haja, yeye mwenyewe atajipima, ataona kadi inaisha Juni na kikao ni Mei, atanyamaza. Rushwa ya bahasha inaonekana na unaweza kuikataa, ila hii ya kadi halali iliyopitishwa kwenye muhtasari na kugongwa muhuri utaikataaje? Posho ya kikao ukiikosa umekosa elfu kumi, kadi ya familia ukiikosa umekosa usingizi. Mimi ningependa mjumbe awe huru kununa.

Na kuna aibu nyingine humo. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, waraka uliofuata wa kufafanua majukumu uliandika waziwazi kwamba matibabu ya mtoto ni juu ya mzazi, pamoja na sare na madaftari. Sawa. Mwanafunzi akianguka mstarini shule inampigia mzazi aje na hela. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto, na Machi 2023 NHIF wakasitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja, wakaelekeza watoto waingie kupitia shule zao au vifurushi vya familia, na shule za vijijini zilizoweza kukusanya hiyo hela kwa watoto wote mnazijua wenyewe. Ile 1,152,000 ya wajumbe sita, kwa bei hiyo ya mtoto, ingewakatia kadi watoto 22 na chenji ikabaki. Sasa wewe simama mbele ya mkutano wa wazazi uwaeleze kwamba hela ya shule imewatibu wajumbe na watoto mtawatibu wenyewe. Mi nisingependa kuwa mwenyekiti siku hiyo.

Kwahiyo tubaki na mfuko wa halmashauri. Huu una unafuu, kwanza hela haipiti mikononi mwa mwalimu mkuu, pili inapita kamati ya fedha na baraza la madiwani na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anaikagua, tatu anayepiga kura sio anayepokea. Japo hilo la tatu lina kona zake, madiwani nao wana watu wao kwenye kamati, na tukiwa wakweli kuna wajumbe wengine ni mabalozi wa kampeni wa diwani. Ila bado ni afadhali kuliko kikao cha watu kumi kujipitishia wenyewe.

Tatizo la mfuko wa halmashauri ni lingine. Panda haisi Arusha mjini, pita Sakina, endelea mpaka Ngaramtoni, hujamaliza hata kusikiliza matangazo ya redio umeshatoka Jiji umeingia halmashauri nyingine. Jiji lina mahoteli, lina Soko la Kilombero, lina stendi, lina ofisi za makampuni ya utalii yanayolipa ule ushuru wa huduma. Mbele kidogo unakutana na watu wa mahindi na maharage na mnada. Ukienda Longido ndo kabisa, pale ng'ombe akikosa malisho na mapato ya halmashauri yanakonda naye. Kila halmashauri ikijiamulia kwa mfuko wake, mjumbe wa mjini atakuwa na kadi na wa Longido, ambaye kwenda kikao tu anatembea umbali wa kutisha, hatakuwa nayo. Na sisi Moshi tuna vichekesho vyetu, Manispaa ipo katikati imezungukwa na halmashauri ya wilaya yenye shule zilizotapakaa mlima mzima, na wafanyabiashara walewale wa vijijini wanashuka kulipa ushuru wao Mbuyuni na Kiboroloni, mjini. Hela inakusanywa mjini, shule ipo kule juu.

Hili la ukosefu wa usawa halijawahi kutupatia jibu zuri. Kwa posho za madiwani serikali ilishaliona, bajeti ya 2021/22 ikahamishia posho hizo Serikali Kuu kwa halmashauri zenye mapato madogo, zenye uwezo zikaendelea kujilipia. Kwahiyo njia ipo na imeshatumika. Ila mi sitaki tudanganyane, kati ya diwani na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi nani mwenye sauti ya kufika Dodoma? Diwani ana chama nyuma yake. Mjumbe ana daftari la saruji.

Ubishi huu upo hata kwa wenye hela zao. Marekani kuna wilaya za shule zaidi ya 13,000, nyingi zinaongozwa na bodi za kuchaguliwa na wananchi, na wajumbe wengi hawalipwi mshahara au wanapewa kidogo tu. Lakini kuna majimbo ambayo sheria inairuhusu bodi kuwapa wajumbe wake bima ya afya kwa hela ya wilaya yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa huko ni kodi ya majengo ya wakazi wa pale. Na kwao bima ni ghali mpaka inatisha, kiasi kwamba kiti cha bure chenye bima sio cha bure tena, mtu anaweza akagombea kwa sababu ya hiyo tu. California wameruhusu ila wameweka dari, mjumbe asipate bima nono kuliko wanayopata wafanyakazi wa taasisi hiyohiyo. Hiyo dari mi naipenda. Ila kwetu ningeishusha zaidi, tusimpimie mjumbe kwa kadi ya mwalimu.

Na hapa ndo nafika kwenye la kadi, ambalo kwangu ndo roho ya jambo zima. Mwalimu yupo NHIF, anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3, kadi yake inamhudumia yeye, mwenza na wategemezi wanne, na akipewa rufaa anatibiwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda hapa Moshi. Mzazi wa kawaida akiwa na chochote basi ana CHF iliyoboreshwa, anaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na akienda kwa rufaa anafika hospitali ya mkoa, kwa sisi Mawenzi, kwa Arusha Mount Meru. Mwisho wa reli. KCMC anaiona kwa nje. Sasa wanaotetea bima ya wajumbe ukiwabana wanataka ipi? Wanataka ya kwanza. Wanasema huwezi kumpa mtu asante ya kadi ambayo akifika dirisha la dawa anaambiwa hamna, kanunue nje.

Nawaelewa, kabisa. Ila mi nageuza. Kama kadi ya 30,000 ni mbovu kiasi kwamba ni aibu kumpa mjumbe, basi mzazi aliyemchagua ndo anayo hiyohiyo, na mbona hatuoni aibu? Mjumbe wa kamati ya shule kijijini ni mtu mwenye mdomo. Anamjua mtendaji, anamjua afisa elimu kata, diwani akija anakaa meza ya mbele. Mkimpa kadi ya NHIF, zahanati ya kijiji inaishiwa dawa na yeye hajui, maana siku akiumwa anapitiliza hospitali kubwa ya dini na kadi yake. Mkimpa kadi ileile ya jirani, akikosa dawa ya mtoto wake Jumatatu, Jumatano kwenye mkutano wa kijiji atasema, na akisema anasikika tofauti na mama Neema wa genge. Mnapata mjumbe wa shule na mkaguzi wa zahanati kwa 30,000 moja. Kumtenga na wazazi wenzake kwa kadi ya daraja la juu ni kumpunguza nguvu, hata kama yeye atafurahi.

Kuna atakayesema hiyo ni kuwatumia watu. Labda. Lakini ukiangalia mipango ya bima ya makundi huku kwetu, iliyokuwa na mantiki ni ile iliyomlenga mwanachama wa kawaida. KNCU mwaka 2011 walianza mpango wa bima kwa wakulima wa kahawa wakishirikiana na shirika la PharmAccess, na NHIF nao baadae wakaja na Ushirika Afya kwa wanachama wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa mazao. Mlengwa alikuwa mkulima na kaya yake. Hatukuambiwa kuna kadi ya bodi ya ushirika na kadi ya mwenye kahawa. Mnaweza mkasema mipango hiyo ilikuwa na matatizo yake, ndio, bei ya kahawa ikianguka mtu anaacha kulipa, lakini wazo la kumfuata mtu wa chini lilikuwa sahihi.

Kuna kazi moja ya kiofisi haina utamu ila bila hiyo hela itapotea: kujua nani tayari ana bima. Walimu waliomo kwenye kamati wanayo. Mwalimu mstaafu naye mara nyingi anayo, ya ustaafu. Mjumbe ambaye mke wake ni nesi anayo kupitia mke. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo sera ya afya inawapa msamaha wa matibabu, japo kila mzee atakwambia msamaha wa karatasi na msamaha wa dirishani ni vitu viwili. Ukishawatoa hao, orodha inabaki fupi kuliko inavyotangazwa, na nina wasiwasi kwamba ufupi wake ndo sababu hakuna anayetaka kuiandika, maana bajeti ya "wajumbe wote" inapendeza zaidi na inaacha nafasi ya majina ambayo hayapo. Tuseme halmashauri ina shule 100 za msingi na kila shule ina wajumbe sita wasio na bima, kaya 600 kwa 30,000 ni milioni 18 kwa mwaka. Chini ya bei ya darasa moja la UVIKO. Kwa jiji kama Arusha hiyo haitikisi kitu. Kwa halmashauri ndogo inauma, lakini haivunji mgongo, na bado asilimia 10 ya mikopo ya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu haiguswi, maana hiyo ipo kisheria na mtu asije akajaribu kuchomoa huko.

Sasa kuna wanaosema haya yote ya nini, kuna bima ya afya kwa wote. Ni kweli Bunge lilipitisha ile sheria Novemba 2023 na inataka kila mkazi awe na bima. Ila sheria hiyo haimlipii mama wa genge mchango wake, labda atambuliwe kwamba hana uwezo kabisa, na mjumbe wa kamati kwa kawaida sio maskini wa kuorodheshwa wala sio mwajiriwa wa kukatwa, yupo palepale katikati ambapo kila mpango wa bima nchi hii unakwama. Kwahiyo sheria imefanya swali la nani amlipie liwe la haraka zaidi, haijalifuta. Na bei zikibadilika, hesabu yangu ya 30,000 itabadilika, kanuni haitabadilika: kadi ya mjumbe iwe kadi ya mzazi, bei iwe yoyote.

Naomba niongeze hili maana limenikera kwa muda. Kuna watu wanapendekeza bima itolewe kama zawadi, yaani shule iliyopandisha ufaulu wajumbe wake ndo wakatiwe. Acheni. Mjumbe hafundishi hesabu. Mkifanya hivyo mtaanza kuona kamati zinamshinikiza mwalimu arudishe nyuma watoto wasiojua kusoma ili asilimia ipande, na huo mchezo tunaujua tayari kwenye shule za binafsi. Shule ya juu kabisa mlimani yenye walimu wanne ina wajumbe wanaofanya kazi kubwa kuliko ya mjini yenye walimu thelathini, na matokeo yake hayatakaa yafanane.

Kama kuna diwani Moshi au Arusha anaitaka hii kitu kweli, kalenda anaijua. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini bajeti zinaanza kupikwa kwenye vijiji na mitaa miezi mingi nyuma, kwenye ule utaratibu wa fursa na vikwazo, ambapo wananchi wenyewe wanapanga vipaumbele kuanzia chini, na kufika Februari mambo mengi yameshafungwa. Alipeleke jambo kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kulipeleka kwenye baraza, wazazi wasikie bei na waulize nani yumo kwenye orodha, majina yabandikwe kwenye mbao za matangazo za shule kama yanavyobandikwa mapato na matumizi. Na likifika kwenye bajeti liandikwe kwa jina lake, bima ya CHF kwa kaya za wajumbe wa kamati za shule wasio na bima, idadi yao hii, shilingi hizi. Likija limevaa nguo ya "uendeshaji wa vikao" au "motisha kwa wadau wa elimu", huyo diwani mwenzake wa kata ya pili amkatalie hapohapo, arudishe karatasi ikaandikwe upya.